Kileo kikiondoka mezani, heshima ibaki

 

Msimu wa harusi umefika Bonde la Kilombero. Mpunga umevunwa, magunia yameingia ndani, na aliyekuwa anadaiwa ada au mahari sasa ana cha kuuza. Kuanzia Mang'ula hadi Mlimba, na ng'ambo ya mto hadi Lupiro na Malinyi, kila Jumamosi kuna turubai limefungwa na spika zinalia. Hapa Ifakara mjini kadi za michango zinapishana mikononi mwetu kama matangazo ya kanisani. Kwa hiyo Jumapili ya leo naomba tuzungumze jambo moja la mezani: mtu mzima asiyekunywa pombe, sherehe ikifika, tunampa nini?

Utasema jibu ni rahisi, mpe soda. Nami nilijibu hivyo kwa miaka mingi. Ngoja nikueleze kilichonibadilisha.

GLASI YA BABA WA BIBI HARUSI

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya binti wa jirani yangu. Jirani huyo ni mkulima wa mpunga, na wakati huo alikuwa na miaka mitatu tangu aache pombe. Aliacha kwa shida. Sisi majirani tulijua gongo ilikuwa imemfikisha wapi: shamba lilikodishwa, watoto walifukuzwa shule, na siku nyingine tulimwokota njiani alfajiri. Alipoacha, alirudi jumuiyani, akasimama kwenye zamu yake ya kusoma somo, akaezeka nyumba kwa bati. Binti yake alipochumbiwa, wote tulisema Mungu ni mwema.

Orodha ya vinywaji niliiandika kwa mkono wangu. Kreti za soda, kreti za bia, katoni za maji, na kwa ajili ya meza kuu, chupa mbili za brandi. Brandi hizo ziliahidiwa na ndugu wa bwana harusi aliyetoka Dar es Salaam. Lebo ilijisifu kwamba kilichomo kimekaa pipani miaka kumi. Kamati nzima tulifurahi, tukaona sherehe yetu imepanda daraja. Hakuna aliyeuliza baba wa bibi harusi atashika nini. Mimi niliyekuwa na kalamu sikuuliza.

Ilipofika saa ya kugonganisha glasi, MC aliwaita wazazi wa pande zote mbili wasimame. Mbele ya jirani yangu palikuwa na vitu viwili. Kimoja ni glasi ndogo ya brandi, tayari imemiminwa. Kingine ni soda ya chungwa yenye mrija, ileile waliyokuwa wakinywa watoto waliokaa kwenye mkeka. Mzazi mwenziwe wa upande wa pili akamwambia, "Mkwe, onja tu kidogo. Hii si gongo. Hii imezeeka kama sisi." Watu wakacheka, naye akacheka. Akanyanyua ile glasi.

Yaliyofuata sitayasimulia yote. Itoshe kusema kwamba mwaka uliofuata mpunga wake uliuzwa ukiwa bado umesimama shambani. Mke wake alinikuta nje ya kanisa baada ya ibada, akanisalimu kwa heshima kama kawaida yake, kisha akasema, "Katibu, mlipanga kila kitu. Mngempa kingine cha kushika, baba watoto angekishika."

Sisemi jirani yangu hana wajibu. Ni mtu mzima, na alikuwa na mkono wa kukataa. Lakini tangu siku ile najiuliza juu ya wajibu wangu mimi, na leo nakuuliza wewe juu ya wajibu wako. Tulimtaka achague kati ya kileo na kuonekana mtoto mbele ya wakwe, siku ya binti yake. Uchaguzi huo tulimtengenezea sisi.

BRANDI NI KITU GANI HASA

Ukitaka kuondoa kitu mezani na kuweka kingine, ni vizuri ujue unachoondoa. Brandi ni divai iliyochemshwa, mvuke wake ukapozwa na kukusanywa. Jina lenyewe lina asili ya Kiholanzi, na maana yake ni divai iliyochomwa. Ikitoka kwenye mtambo ni nyeupe kama maji. Kisha hutiwa kwenye mapipa ya mti wa mwaloni na kuachwa. Humo, mwaka baada ya mwaka, hupata rangi ya hudhurungi, harufu ya vanila na ya sukari iliyoungua, na ule ukakasi wa mti unaobaki ulimini. Brandi ya eneo la Cognac, Ufaransa, ni lazima ikae pipani angalau miaka 2 kabla ya kuuzwa, na tangu mwaka 2018 ile ya daraja la XO inatakiwa iwe na miaka 10. Neno letu konyagi limezaliwa na jina la mji huo, ingawa konyagi tunayoifahamu hapa nyumbani ni nyeupe, haina rangi ya pipa lolote.

Angalia sasa vitu ambavyo watu husifia katika brandi iliyozeeka. Husifia rangi. Husifia harufu. Husifia ukakasi. Husifia kwamba imesubiriwa, na kwamba hainywewi kwa pupa. Vyote hivyo vinatoka kwenye tunda, kwenye mti na kwenye muda. Kileo kimeongeza kuchoma kooni na kulewesha. Na hicho kileo ni kingi: kwa kawaida ni kama asilimia 40, wakati bia nyingi huwa na kama asilimia 5.

Kwa hiyo tusidanganywe na lebo. Gongo inayopikwa kichakani na brandi ya meza kuu ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili hupatikana kwa kuchemsha na kunasa mvuke. Tofauti zipo, maana gongo ni haramu kisheria na hakuna anayejua kwa hakika kilichomo ndani yake. Lakini mwili wa mtu aliyekuwa mlevi hausomi lebo. Serikali yetu ilipopiga marufuku pombe za viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, wengi tulipiga makofi, kwa sababu tuliona vijana wetu wa bodaboda wanavyoangamia. Tulikuwa tunapiga makofi dhidi ya kile cha bei rahisi. Kile cha bei ghali tukakiweka kwenye kitambaa cheupe.

Na si kwa walevi peke yao. Tangu mwaka 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeweka vinywaji vyenye kileo kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Kama kuna mji Tanzania unaopaswa kusikia sauti ya watafiti wa afya, ni Ifakara, ambako kwa miongo mingi tumeishi jirani na maabara na hospitali, na jina la mji wetu limebebwa na taasisi ya utafiti inayojulikana duniani.

LAKINI BWANA ALITENGENEZA DIVAI

Najua utanipeleka Kana ya Galilaya. Twende pamoja, tusome Yohana 2. Kulikuwa na mabalasi sita ya mawe, makubwa, na Bwana akageuza maji kuwa divai. Siwezi kuificha sura hiyo, wala Zaburi ya 104 inayoitaja divai miongoni mwa zawadi za Mungu kwa moyo wa mtu. Wala sitaki kumhukumu ndugu wa kanisa lingine, au wa kanisa langu mwenyewe, anayekunywa glasi moja na kulala. Makanisa yetu hapa bondeni hayana sheria moja juu ya jambo hili, na safu hii si baraza la kuamua.

Ila angalia kwa nini Bwana alifanya ule muujiza. Je, watu walikuwa wanakufa kwa kiu? Hapana. Maji yalikuwepo tele. Tatizo lilikuwa aibu. Familia ilikuwa inaelekea kuaibika mbele ya wageni, na Mama yake aliliona jambo hilo kabla ya mwingine yeyote. Bwana akaokoa heshima ya wenye harusi bila kutangaza kwenye kipaza sauti. Wengi wa wageni hata hawakujua kilichotokea.

Sasa niambie, Bwana huyohuyo angesimama upande gani kwenye harusi ya jirani yangu? Mtu aliyekuwa karibu kuaibika hakuwa yule aliyekosa divai. Alikuwa yule aliyeshindwa kuikataa. Ukiifuata Kana mpaka mwisho, itakuongoza kwa mtu huyo.

Mtume Paulo naye amelisema jambo hili waziwazi katika Warumi 14. Hakuwaambia Wakristo wa Roma kwamba nyama na divai ni uchafu. Aliwaambia kwamba ni vema kuviacha, ikiwa kuvitumia kutamkwaza ndugu. Yeye aliyemshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo, ndiye aliyesema hayo. Kwa Timotheo ilikuwa dawa ya mtu mmoja. Kwa Warumi lilikuwa suala la meza ya pamoja. Na harusi ni meza ya pamoja.

Kuna masimulizi mawili zaidi ambayo ni nadra kuyasikia kwenye mahubiri ya harusi. Moja ni Danieli 1. Danieli na wenzake walikataa divai ya mfalme, lakini hawakuishia kukataa. Walipendekeza kingine badala yake, mtama na maji, wakaomba wajaribiwe siku kumi. Jingine ni Yeremia 35, habari za Warekabi. Waliwekewa divai mbele yao ndani ya nyumba ya Bwana, tena na nabii, kwa agizo la Mungu, ili uaminifu wao uonekane. Walikataa kwa sababu baba yao aliwaagiza. Mungu akawasifu. Hakuna aliyewacheka wala kuwaita washamba. Nani kati yetu amewahi kumsifu hadharani ndugu aliyekataa glasi?

HATA MADHABAHUNI NAFASI IPO

Mtu anaweza kusema, "Basi na divai ya madhabahuni muiondoe." Hilo ni jambo la imani ya kila kanisa na sitaligusa kama mzaha. Lakini ni vema ujue kwamba hata hapo watu wa Mungu wamemfikiria ndugu dhaifu. Mwaka 1869 huko Vineland, New Jersey, Marekani, daktari wa meno Mmethodisti aitwaye Thomas Welch alichemsha maji ya zabibu ili yasichachuke, yakatumika kwenye meza ya Bwana. Alitumia maarifa ya Mfaransa Louis Pasteur. Makanisa mengi ya Kiprotestanti leo hutumia maji ya zabibu ya namna hiyo.

Kanisa Katoliki kwa upande wake linashika kwamba ni lazima iwe divai ya zabibu. Hata hivyo linaruhusu, kwa kibali cha askofu, kutumia mustum, yaani maji ya zabibu ambayo kuchachuka kwake kumesimamishwa, kwa padri au mwamini ambaye kileo kinamdhuru. Maelekezo ya Roma ya mwaka 2003 yanalieleza jambo hilo. Ikiwa madhabahu imeweza kumpa nafasi ndugu huyo, je, turubai la harusi limeshindwaje?

VYA KUWEKA MEZANI

Sasa tuje kwenye vitendo, maana lawama bila njia ni kelele. Ninachotafuta ni kinywaji cha mtu mzima: kilichoandaliwa siku kabla, chenye rangi, chenye ukakasi au uchungu kidogo, kinachonywewa polepole katika glasi nzuri. Soda haina hata moja ya hayo. Nitakupa vinne, na vyote vinapatikana Ifakara.

Cha kwanza ni chai ya rangi iliyolala. Ukakasi wa majani ya chai na ukakasi wa mwaloni ni wa jamii moja; wataalamu huuita tanini. Ndiyo maana chai nzito inaikaribia brandi kuliko juisi yoyote. Kwa glasi ndogo ishirini hivi, unguza nusu kikombe cha sukari kwenye sufuria kavu mpaka iwe hudhurungi iliyokolea. Ongeza lita mbili za maji ya moto taratibu, ukisimama mbali, maana huruka. Weka mdalasini, karafuu sita, kipande cha tangawizi iliyopondwa, na vijiko sita vya majani ya chai. Iache dakika tano tu, chuja, kisha tia kikombe kimoja cha zabibu kavu zilizooshwa. Funika, ikipoa iweke mahali pa baridi mpaka kesho. Asubuhi chuja tena. Rangi yake ukiitazama kwenye glasi utashangaa.

Cha pili ni kokoa yetu. Watu wengi wa mjini hawajui kwamba bonde hili linalima kokoa, na kwamba kokoa ya upande wa Mbingu huenda mpaka kwa watengeneza chokoleti wa Ulaya na Marekani. Mbegu zake huvundikwa siku kadhaa, kisha huanikwa juani. Nayo basi ina habari ya subira, kama brandi. Kaanga mbegu kavu, menya maganda, twanga, chemsha kwa maji pamoja na mdalasini na chembe ya pilipili manga, chuja. Sukari weka kidogo sana. Ni chungu, ni nzito, na ina joto kifuani. Mzee akipewa hiyo hataomba mrija.

Cha tatu ni togwa, na hapa sina haja ya kukufundisha, bibi yako alishafanya hivyo. Uji wa mahindi unaachwa upoe mpaka uwe vuguvugu, unatiwa unga wa kimea cha ulezi au mtama, unalala usiku mmoja. Kimea hulainisha uji na kuutia utamu bila hata kijiko cha sukari, na uchachu kidogo hufuata. Kumbuka Danieli na mtama wake. Tatizo la togwa ni kwamba tumeiacha iwe kinywaji cha msiba na cha shambani. Itie kwenye mtungi safi, imimine kwenye glasi ya shingo, uone kama wageni hawataiulizia.

Cha nne ni ukwaju au rozela, ambayo wengine huiita choya. Uchemshe mzito, utie tangawizi na karafuu, usitie sukari nyingi. Ukwaju una uchachu wa kikubwa, na rozela ina wekundu wa divai kabisa.

Na keki je? Keki nyeusi ya harusi na ya Krismasi, wapishi wengi huilowesha kwa brandi, wakisema moto hukausha kileo. Si kweli moja kwa moja. Vipimo vya wataalamu wa chakula Marekani vilionyesha kwamba kileo kilichochanganywa kwenye chakula na kupikwa kwa robo saa, asilimia 40 yake hubaki, na baada ya saa nzima asilimia 25 bado ipo. Brandi inayopakwa baada ya keki kutoka jikoni, ambayo ndiyo desturi ya wengi, hubaki karibu yote. Na kipande cha keki hulishwa kila mtu, pamoja na watoto. Mwambie mpishi wako aloweke zabibu na tende kwa ile chai iliyolala, pamoja na maji ya chungwa, usiku mzima. Rangi ataipata kwenye sukari iliyounguzwa. Ila keki ya namna hiyo haitunziki miezi kama iliyojaa kileo, basi ipikwe siku chache tu kabla ya sherehe.

TAHADHARI TATU

Kwanza, togwa ikiachwa siku nyingi huendelea kuchachuka, na mwisho inakuwa pombe. Andaa ya siku hiyo, iliyobaki igawe. Tena soma lebo za vinywaji vya dukani vinavyoitwa visivyo na kileo, kwani vingine huwa na kiasi kidogo, hadi nusu ya asilimia moja.

Pili, kuna ndugu ambaye harufu na sura tu ya kitu kinachofanana na brandi humwamshia yale ya zamani. Kwake yeye ile chai ya rangi kwenye glasi ya brandi inaweza kuwa mtego badala ya msaada. Usimchagulie. Mfuate siku kadhaa kabla, peke yake, umuulize: "Baba, siku ile ungependa ushike nini?" Swali hilo peke yake tayari ni heshima. Huenda akasema kokoa, huenda akasema maji. Maji nayo, yakimiminwa kwenye glasi nzuri na mwenyekiti wa kamati naye akashika ya kwake, ni kinywaji cha meza kuu.

Tatu, kumbuka wenye kisukari. Tusimwokoe mtu na pombe tukamwangusha kwa sukari. Ndiyo maana nimesisitiza uchungu na ukakasi.

MAMA MWENYE NGOMA YA KOMONI

Nisingependa tumalize bila kumtaja mama anayepika pombe ya kienyeji mtaani kwako. Wengi wao ni wajane au wameachwa, na kwa ngoma moja ya komoni wanasomesha watoto. Tunasali nao Jumapili, tunawahubiria, kisha Jumatatu wanarudi kwenye kuni zao kwa sababu hatujawapa soko lingine. Mama huyo anajua kimea kuliko mtu yeyote parokiani au usharikani. Mikono inayotengeneza komoni ndiyo inayotengeneza togwa bora. Kamati yako inanunua soda za fedha nyingi kutoka kwa wakala. Je, haiwezi kumpa yeye oda ya lita mia za togwa, akalipwa taslimu? Vikundi vya kinamama vya makanisa yetu vinaweza kuanzia hapo. Tukimwambia aache bila kumnunulia kingine, tutakuwa tumemtwisha mzigo ambao sisi wenyewe hatuugusi kwa kidole.

OMBI LANGU KWAKO

Basi, mwenyekiti wa kamati, katibu, mweka hazina, na wewe mama mlezi unayepanga meza, nawaombeni jambo moja kabla ya Jumamosi ijayo. Chukueni ile orodha ya vinywaji. Pale juu kabisa, kabla ya soda na kabla ya bia, kama bia ipo, andikeni kinywaji kimoja cha heshima kisicho na kileo kwa ajili ya meza kuu. Glasi za kugonganisha zitiwe hicho kwa wote. Anayetaka kingine atakifuata mwenyewe baadaye. Kwa namna hiyo hakuna atakayesimama peke yake na mrija.

Sisi mtaani kwetu tumeanza. Mara ya kwanza wazee waliguna. Mmoja aliuliza kama kamati imekula michango. Mara ya pili waliulizia kama kokoa ipo. Haikuwa muujiza, na bado zipo harusi ambazo chupa inapitishwa chini ya meza. Sitakudanganya kwamba kila kitu kimenyooka.

Jirani yangu je? Ameanguka na kuinuka zaidi ya mara moja. Tangu Pasaka hii hajaonja. Mwezi ujao mtoto wake wa pili anaoa. Safari hii nilikwenda kwake jioni, tukakaa barazani, nikamwomba msamaha kwa ile orodha ya zamani. Alinyamaza kitambo, akasema yameisha. Kisha nikamuuliza angependa kushika nini. Akafikiri, akasema, "Togwa. Ila mama watoto aipike mwenyewe."

Nimeshaiandika, na iko namba moja kwenye orodha.

Ee Bwana, uliyeona aibu ya wenye harusi kule Kana kabla wageni hawajaiona, tufungue macho tumwone ndugu anayetetemeka mezani petu. Utupe hekima ya kumwekea kitu chema mkononi. Uwabariki wanaoacha, uwainue walioanguka, na uwape riziki safi mama zetu wanaopika kwa kukosa njia nyingine. Amina.

Nakutakia Jumapili njema.